Programu Yenye Matawi Mengi: Jinsi Inavyounganishwa na Kujaribiwa

Programu ya kompyuta ni maandishi. Jambo hili husahauliwa upesi, kwa kuwa mtumiaji huona picha, vitufe na majibu tu, asione kurasa zilizo nyuma yake. Lakini nyuma ya kila programu pana mistari ya maagizo. Baadhi ya programu zaweza kutoshea katika daftari moja. Nyingine ni kubwa kupita vitabu vyote vya maktaba ya shule. Kiini cha mfumo uitwao Linux, ambacho huendesha sehemu kubwa ya mitambo ya intaneti na pia hukaa ndani ya simu za Android, kina mistari zaidi ya milioni 30. Maandishi hayo hayakutungwa na mtu mmoja, wala hayajakamilika. Kila baada ya majuma tisa au kumi hutoka toleo jipya, na kwa kawaida toleo hilo hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000 kutoka kwa waandishi zaidi ya 1,000 waliotawanyika katika nchi nyingi.

Hapo huzuka maswali mawili. Watu elfu moja wawezaje kusahihisha kitabu kimoja kwa wakati mmoja bila huyu kufuta kazi ya yule? Na kazi zao zikisha kuunganishwa, ni nani atakayejua kama kitabu kizima bado kinasema kweli? Swali la kwanza limepatiwa jibu zuri sana. La pili limepatiwa jibu la nusu, na nusu iliyobaki huangukia mikononi mwa binadamu.

Kufuli na matawi

Njia ya kwanza ilikuwa kufuli. Mwaka 1972 Marc Rochkind, wa maabara za Bell nchini Marekani, alitunga programu ya kutunza historia ya maandishi ya programu nyingine. Mtu aliyetaka kurekebisha faili alilichukua, likafungwa, na wenzake wakangoja mpaka alirudishe. Utaratibu huo ni salama, kama ule wa kitabu cha pekee maktabani, na una kero ile ile: aliyekiazima akienda nacho likizo, wengine wote hukaa bure. Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue aliuboresha utaratibu huo na kuueleza katika makala ya mwaka 1982, lakini kufuli ilibaki kuwa ndiyo desturi.

Mwaka 1986 Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu mjini Amsterdam, alikuwa akishirikiana na wanafunzi wake wawili katika kazi moja. Saa zao za kazi hazikupatana hata kidogo. Basi akatunga njia ya kuondoa kufuli: kila mmoja achukue nakala yake, aandike kwa wakati wake, kisha nakala ziunganishwe. Ni shida ndogo ya watu watatu, lakini ufumbuzi wake ulienea duniani.

Hatua kubwa iliyofuata ilitokana na ugomvi. Tangu mwaka 2002 waandishi wa Linux walikuwa wakitunza maandishi yao kwa programu ya kampuni moja, BitKeeper, ambayo waliruhusiwa kuitumia bila malipo. Mwezi wa Aprili 2005 ruhusa hiyo ilikoma. Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini aliyeianzisha Linux, aliacha kazi nyingine zote akaandika chombo chake mwenyewe, akakiita Git. Alianza tarehe 3 Aprili. Tarehe 18 ya mwezi ule ule chombo hicho kiliunganisha matawi kadhaa kwa mara ya kwanza. Na mwezi wa Juni toleo la Linux lenye namba 2.6.12 lilitoka likitunzwa na Git. Leo ni nadra kumkuta mtunga programu asiyekitumia.

Neno tawi lahitaji kufafanuliwa. Mwandishi anapotaka kuongeza jambo jipya, huchukua maandishi yote yalivyo siku hiyo na kuanza kuyabadili kando, pasipo kuwasumbua wengine. Mfululizo wa mabadiliko yake ndio tawi. Shina huendelea kukua wakati huo huo, kwa kazi za wengine. Baada ya siku chache, au miezi michache, tawi halina budi kurudi shinani. Mti wa kawaida haufanyi hivyo: matawi yake hutengana moja kwa moja. Kwa hiyo mfano unaofaa zaidi labda ni mto unaogawanyika kuzunguka kisiwa kisha ukakutana tena upande wa pili. Lakini jina la tawi limekwisha kukaa, na halina madhara.

Kanuni ya nakala tatu

Mtu aweza kudhani kwamba ili kuunganisha maandishi mawili yatosha kuyalinganisha hayo mawili. Hasha. Tuseme nakala moja ina mstari ambao nakala ya pili haina. Je, mwandishi wa kwanza aliuongeza, au mwandishi wa pili aliufuta? Nakala mbili haziwezi kujibu. Yahitajiwa ya tatu: nakala ya asili, yaani maandishi yalivyokuwa siku matawi yalipoachana. Ikiwa asili ina mstari huo, basi ulifutwa. Ikiwa haina, basi uliongezwa. Wataalamu wanaolinganisha hati za kale za tenzi, zilizonakiliwa kwa mkono na waandishi mbalimbali, hukabiliwa na swali lile lile, na taabu yao ni kubwa zaidi kwa sababu aghalabu hati ya asili imekwisha kupotea. Git haiipotezi kamwe. Kila badiliko lililowekwa hupewa alama yake, mfululizo wa tarakimu na herufi unaokokotolewa kutokana na yaliyomo, na kila badiliko hukumbuka mzazi wake. Badiliko linalounganisha matawi mawili hukumbuka wazazi wawili. Hivyo mashine huweza kufuata nasaba kurudi nyuma mpaka ifike kwa babu wa pamoja.

Akisha kupatikana babu huyo, kanuni ni nyepesi, na mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kuifuata kwa karatasi na kalamu. Mstari ambao haukuguswa na yeyote hubaki. Mstari uliobadilishwa na mmoja tu huchukuliwa ulivyobadilishwa. Mstari uliobadilishwa na wote wawili kwa namna moja huchukuliwa vile vile. Lakini mstari uliobadilishwa na wote wawili kwa namna mbili tofauti ni mgongano: mashine husimama, huandika matini zote mbili moja juu ya nyingine, hutia alama kati yake, na kumwita mtu aamue. Kwa tahadhari, hata mabadiliko ya mistari inayopakana huhesabiwa kuwa mgongano.

Darasa laweza kulijaribu jambo hili kwa ratiba ya vipindi. Mwalimu wa taaluma ameandika ratiba ya Jumatatu, kipindi cha tatu, kila darasa katika mstari wake. Mstari wa tatu wasema: Kidato cha Pili, Biolojia, chumba namba 2. Mstari wa tisa wasema: Kidato cha Nne, Jiografia, chumba namba 6. Chumba namba 8 hakina mtu. Mwalimu wa Biolojia anachukua nakala ya ratiba kwenda nayo nyumbani. Paa la chumba namba 2 linavuja, basi anaandika 8 mahali pa 2. Mwalimu wa Jiografia naye amechukua nakala yake. Chumba namba 6 ni kidogo, basi anaandika 8 mahali pa 6. Kila mmoja, kama mtu makini, anakagua nakala yake yote: je, kuna chumba kilichopangiwa madarasa mawili? Hakuna. Wote wawili wanarudisha nakala zao wakiwa na moyo mweupe.

Sasa mwanafunzi mmoja afanye kazi ya mashine. Mstari wa tatu umebadilishwa na mmoja tu; auchukue. Mstari wa tisa umebadilishwa na mmoja tu, auchukue. Hakuna mgongano hata mmoja. Ratiba imeunganika vizuri kabisa, na Jumatatu asubuhi madarasa mawili yatasukumana mlangoni mwa chumba namba 8.

Mfano huu unafaa kutafakariwa kwa makini, maana ndani yake mna shida nzima. Mwalimu wa kwanza hakukosea. Wa pili hakukosea. Kanuni ya kuunganisha haikukosea. Ukaguzi ulifanywa, tena mara mbili, nao ulikuwa wa kweli. Kosa halikuwamo katika nakala yoyote. Lilizaliwa na muungano wenyewe. Mashine hulinganisha mistari, na maana haikai ndani ya mstari. Maana hukaa kati ya mstari na mstari, huenda mamia ya kurasa mbali.

Majaribio madogo

Dawa inayotumiwa na watunga programu ni majaribio yaliyoandikwa. Programu kubwa hugawanywa katika vipande vidogo, kila kimoja chenye kazi moja: hiki hutafuta wastani, kile hupanga majina kwa alfabeti, kingine husoma tarehe. Kwa kila kipande huandikwa programu nyingine ndogo isiyo na kazi ila kukihoji: ukipewa 60, 70 na 80, wastani ni ngapi? Kikijibu 70, kimefaulu. Kikijibu kingine, taa nyekundu huwaka. Kwa kuwa mhojaji naye ni programu, maswali elfu kumi yaweza kuulizwa kwa dakika chache, tena na tena, pasipo kuchoka wala kuona haya.

Desturi ya kuhoji vipande ni ya zamani, lakini iliyoifanya kuwa kawaida ni kazi ya Kent Beck, Mmarekani, aliyetunga kifaa cha majaribio kwa lugha ya Smalltalk. Mwaka 1997 yeye na Erich Gamma wa Uswisi walisafiri pamoja kwa ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, na katika safari hiyo wakaanza kuandika kifaa cha namna hiyo kwa lugha ya Java. Kiliitwa JUnit, na vifaa vingi vya lugha nyingine vimeiga umbo lake.

Katika ratiba yetu, jaribio lingekuwa sentensi moja: chumba kimoja kisitokee mara mbili katika kipindi kimoja. Lingeulizwa baada ya kuunganisha, taa nyekundu ingewaka Ijumaa jioni badala ya Jumatatu asubuhi. Funzo la kwanza, basi, ni la wakati: jaribio lililofaulu katika tawi halitoi ushahidi wowote juu ya shina baada ya kuunganishwa. Ni lazima liulizwe upya juu ya kile kilichounganishwa.

Funzo la pili ni gumu zaidi, na ndilo linalowasumbua mafundi kila siku. Jaribio nalo ni maandishi. Nalo hubadilishwa katika matawi, nalo huunganishwa.

Chukua mfano wa kubuni wa programu ya zahanati. Kuna kipande kinachosoma uzito wa mgonjwa katika rekodi na kuutoa kwa kilo. Jaribio lake lasema: mtoto aliyeandikiwa kilo 12, jibu liwe 12. Mwandishi wa kwanza anafungua tawi. Wodi ya wazazi huandika uzito wa watoto wachanga kwa gramu, kama 2,850, na kuugeuza huko na huko kunaleta makosa. Anaamua kwamba tangu sasa kipande hicho kitatoa gramu. Anatafuta kila mahali kinapotumiwa na kuparekebisha; anabadili pia jaribio lake, ili jibu la mtoto yule liwe 12,000. Kazi safi. Majaribio yote ya tawi lake yanafaulu.

Siku zile zile mwandishi wa pili, katika tawi lake, anaongeza kipande kipya cha kukokotoa dozi ya dawa ya homa, parasetamoli, kwa kiasi cha miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Anauomba uzito kutoka kwa kipande cha zamani, ambacho kwake bado kinatoa kilo, anazidisha kwa 15. Jaribio lake: mtoto wa kilo 12 apate miligramu 180. Linafaulu.

Matawi yanaunganishwa. Faili la dozi ni jipya kabisa. Tawi la kwanza halikuwahi kuliona. Hakuna mgongano. Na sasa uzito unatoka kama 12,000, unazidishwa kwa 15, na mtoto anaandikiwa miligramu 180,000: gramu 180, sawa na vidonge 360 vya miligramu 500. Muuguzi yeyote angeshtuka na kukataa. Afadhali ya kosa la mara elfu, maana hujitangaza lenyewe. Lingekuwa kosa la mara mbili, kama la kuchanganya kilo na ratili, huenda lingepita bila kutambuliwa.

Je, majaribio yangeligundua? Inategemea yalivyoandikwa, na hapa wengi hujikwaa. Ikiwa jaribio la dozi lilimwandikisha mtoto wa kilo 12 katika rekodi na kupitia njia yote, taa nyekundu itawaka. Lakini waandishi wengi, ili kuharakisha kazi, hukitenga kipande kinachohojiwa na jirani zake wote. Mahali pa kipande cha uzito huweka mwigizaji, ambaye kazi yake ni kujibu 12 kila aulizwapo. Mwigizaji huyo hajui kwamba jirani wa kweli amebadili kauli. Ataendelea kujibu 12, jaribio litaendelea kufaulu, na majaribio yote yatapita ilhali programu ni mbovu. Mwigizaji hueleza jinsi jirani alivyokuwa siku jaribio lilipoandikwa. Kwa hiyo pamoja na majaribio ya kipande kimoja kimoja hupaswa kuwako machache, hata kama ni ya polepole, yanayopita programu kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma bila mwigizaji yeyote.

Nani amekosea?

Tuseme taa imewaka. Jaribio lilitegemea 180, programu ikajibu 180,000. Mashine imemaliza kazi yake. Haiwezi kusema ni upande upi wenye kosa. Kuna njia mbili za kuizima taa. Ya kwanza ni kurekebisha kipande cha dozi, kigawanye uzito kwa 1,000 kabla ya kuzidisha. Ya pili ni kufungua jaribio, kufuta 180, na kuandika 180,000. Zote mbili huzima taa. Zote mbili, kwa macho ya mashine, ni sawa.

Hakuna mwenye akili atakayechagua ya pili katika mfano ulio wazi hivi. Lakini fundi aliyechoka, ambaye muungano wake umeleta taa nyekundu arobaini saa kumi na moja jioni, hana mfano ulio wazi. Anajua kwamba kipande cha uzito kimebadilishwa kwa makusudi, na kwamba majaribio mengi kati ya hayo arobaini yanaanguka kwa haki, kwa kuwa yanasubiri jibu la zamani. Hayo yapaswa kubadilishwa kweli. Jaribio la uzito lililosema 12 na sasa linasema 12,000 lilibadilishwa kihalali. Basi mkono unazoea: futa namba ya zamani, andika mpya, endelea na linalofuata. La thelathini na saba ni la dozi.

Tofauti yao yaonekana mtu anapojiuliza namba ile ilitoka wapi. Ile 12,000 ni makubaliano ya ndani baina ya waandishi: wakiamua gramu, ni gramu. Lakini 180 haikuamuliwa na mwandishi wa programu. Ilitoka katika mwongozo wa tiba, na mwili wa mtoto haujui kwamba programu imehama kutoka kilo kwenda gramu. Jaribio la namna ya kwanza hufuata msimbo; jaribio la namna ya pili ndilo linaloufanya msimbo ufuate. Kwa sababu hiyo mafundi wazoefu huandika ndani ya jaribio, kwa maneno ya kawaida, asili ya kila namba. Ni mstari mmoja tu, na mara nyingi ndio mstari wenye thamani kuliko yote katika faili.

Jaribio lililobaki nyuma

Hatari iliyo kinyume ni jaribio ambalo halikubadilika wakati ulimwengu umebadilika. Mfano wake mashuhuri si wa zahanati bali wa anga. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, ikichukua satelaiti nne za utafiti. Muda wa sekunde 40 hivi baadaye ilikengeuka njia, ikavunjika na kulipuka.

Mfumo wa kupima mwelekeo wa roketi hiyo ulikuwa umechukuliwa kutoka kwa ndugu yake mkubwa, Ariane 4, ambaye alikuwa amesafiri vizuri kwa miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na kipande kilichogeuza namba ndefu ya biti 64 kuwa namba fupi ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Kwa mwendo wa Ariane 4 kikomo hicho kilitosha. Ariane 5 ilikuwa na nguvu zaidi, na kasi yake ya kwenda upande iliongezeka upesi zaidi. Namba ikafurika, kompyuta ya mwelekeo ikajizima, na kompyuta ya akiba, iliyokuwa na maandishi yale yale, ilikuwa imekwisha kujizima kwa sababu ile ile kitambo kidogo kabla. Kinachouma zaidi ni kwamba hesabu yenyewe haikuwa na faida yoyote baada ya Ariane 5 kuondoka ardhini. Ilibaki kwa kuwa ilikuwamo.

Tume ya uchunguzi, iliyoongozwa na mwanahisabati Mfaransa Jacques-Louis Lions, ilitoa taarifa yake mwezi wa Julai mwaka huo. Iligundua kwamba mfumo huo haukuwahi kujaribiwa kwa namba za safari ya Ariane 5. Kipande kilihamia tawi jipya. Jaribio lake likabaki na safari ya roketi ya zamani. Tume haikuona jambo lolote la ajabu katika hesabu. Mtu angeingiza mwendo wa roketi mpya katika jaribio la ardhini, kosa lingeonekana mezani.

Kuunganisha kila siku

Kwa kuwa kosa huzaliwa na muungano, wengi wameona ni heri miungano iwe midogo na ya mara kwa mara. Tawi la siku mbili lina mistari michache ya kugombana na shina. Tawi la miezi sita limekuwa nchi nyingine. Kampuni ya Google ilikwenda mbali: katika makala ya mwaka 2016, wahandisi wake Rachel Potvin na Josh Levenberg walieleza kwamba karibu maandishi yote ya kampuni, mistari ipatayo bilioni 2, hukaa katika hazina moja, na kwamba waandishi wake huandika katika shina lenyewe badala ya kukaa muda mrefu katika matawi. Njia hiyo yahitaji mitambo mikubwa, wala haifai kuigwa na kila mtu.

Waandishi wa Linux wana njia nyingine. Mwaka 2008 Stephen Rothwell wa Australia alianzisha, na kwa miaka mingi akaendesha, mti wa majaribio ambamo mamia ya matawi huunganishwa pamoja kila siku ya kazi, kabla Torvalds hajayapokea. Muungano huo haukusudiwi kutumiwa na mtu. Hutengenezwa ili migongano ya kesho ionekane leo. Nao Graydon Hoare, Mkanada aliyeianzisha lugha ya Rust, alitunga mlinzi wa mashine aitwaye Bors. Tawi likiletwa, Bors huliunganisha kando na shina lilivyo saa hiyo, huendesha majaribio yote juu ya muungano huo, na ni pale tu yote yanapofaulu ndipo shina husogezwa mbele. Lililojaribiwa na lililopokelewa ni kitu kimoja, herufi kwa herufi. Walimu wawili wa ratiba wangekuwa na mlinzi kama huyo, wa kwanza angepokelewa na wa pili angerudishwa nyumbani na karatasi yake.

Tawi la zamani halifi

Afrika ya Mashariki haiko mbali na habari hizi. OpenMRS, programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa, ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani na Chuo Kikuu cha Moi, na mwezi wa Februari 2006 ilianza kutumika Eldoret, nchini Kenya. Mwaka huo huo ikafika Rwanda. Maandishi yake yako wazi kwa msomaji yeyote, majaribio yake pia, na yametungwa kwa JUnit ile ile iliyoanzia ndani ya ndege. Mwanafunzi aliye na kompyuta aweza kuyasoma na kuona jinsi swali dogo linavyoulizwa juu ya rekodi ya mgonjwa.

Programu za namna hii zina taabu yao maalumu. Hospitali haibadilishi toleo kila mwezi. Moja ina toleo la mwaka huu, nyingine ingali na la miaka mitatu iliyopita, na wagonjwa wa zote mbili wana haki ile ile ya kutibiwa kwa hesabu sahihi. Kwa hiyo matawi ya zamani hutunzwa hai, na kosa likisahihishwa katika shina, sahihisho hubebwa kurudi nyuma. Linux ina sheria ya wazi juu ya jambo hili: sahihisho halipokelewi katika tawi la zamani mpaka liwe limekwisha kuingia shinani, ili kosa lililokwisha kuponywa lisifufuke katika toleo linalofuata.

Kubeba sahihisho kurudi nyuma kwafanana na kunakili sentensi, na mashine hulifanya bila kusita. Katika zahanati ya mfano wetu, sahihisho lilikuwa kuugawanya uzito kwa 1,000. Tuseme kipande cha dozi kimepelekwa hivyo kilivyo katika toleo la zamani, ambako uzito bado hutoka kwa kilo. Mistari itapatana, hakuna mgongano utakaoonekana, na mtoto yule yule wa kilo 12 ataandikiwa miligramu 0.18, kiasi kisichoweza kushusha homa yoyote. Lakini ikiwa pamoja na sahihisho limebebwa jaribio linalomwandikisha mtoto katika rekodi na kusubiri 180, taa nyekundu itawaka papo hapo, katika tawi ambalo mwandishi wake huenda alikwisha kuacha kazi zamani.